Fisi wa Nyamityobora

Ninyi wakalimani wapya mliniomba, siku ile mliponiaga kwa soda na keki, niwaandikie namna ya kufanya kazi hii. Nimejaribu kuandika namna, nimeshindwa. Kazi ya kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, ukisema maneno ya watu wengine kwa mdomo wako, haina namna. Ina makosa tu, na mtu hujifunza kwa kuyaona yakitokea, akiwa na bahati kwa mwenzake. Kwa hiyo nitawasimulia miaka yangu ya mwanzo, ile ya themanini, pale Mbarara, na zaidi ya yote nitawasimulia kesi ya fisi. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Mimi ni mtoto wa Nyamityobora. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Waislamu wa mtaa ule, Kiswahili tulikinywa na chai. Barabarani nilisema Kinyankore na watoto wenzangu, Kiingereza nilichapiwa shuleni, na Kinyarwanda nilikiokota kwa wachungaji waliokuja mjini kuuza ng'ombe. Nilipokwenda kuomba kazi, karani wa mahakama aliniuliza nina ujuzi gani. Nikamwambia nimezoea kukaa na watu wanne wanaozungumza kwa pamoja bila mmoja kumwelewa mwenzake. Akasema basi nitajisikia nyumbani.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Erisa, Mnyankore mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia na sauti ya kusomea Biblia. Siku ya kwanza hakuniruhusu kufungua kinywa. Alinikalisha benchi la mbele nimtazame. Kizimbani alikuwepo mwizi wa mbuzi, naye akaeleza kwa Kinyankore kwamba hakukusudia kuiba, ila mbuzi wenyewe walimtazama vibaya. Mzee Erisa akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba, "Mimi sikukusudia kuwaiba, ila mbuzi walinitazama vibaya." Hakusema "huyu anasema." Alisema mimi. Mkalimani hana yeye, aliniambia baadaye. Aliyeko kizimbani akiiba, umeiba, akitukana, umetukana, akiachwa na mke, umeachwa wewe, na huruhusiwi kuchagua.

Kanuni hiyo iliwahi kumponza mwenyewe. Mama mkwe wake, ambaye kwa heshima za Kinyankore hakuwahi hata kumtazama usoni, alitamani kuiona kazi ya mkwewe, akaja akasimama nje ya dirisha ambako hataonekana. Siku hiyo mshitakiwa alisema Kiswahili na mlalamikaji alijua Kinyankore peke yake. Basi bibi wa watu akamsikia mume wa binti yake akitangaza, kwa Kinyankore safi, kwamba aliingia kwa mjane fulani na kumbebea kitanda. Alirudi kijijini bila kuaga na kuitisha kikao cha ukoo. Ilibidi hakimu mwenyewe apeleke salamu ili Mzee Erisa arudishiwe heshima yake, na nasikia hata hivyo kuna shangazi mmoja ambaye hakuamini mpaka alipokufa.

Mtaniuliza juu ya vifaa. Kifaa cha kwanza ni kikohozi. Shahidi akianza kumwaga maneno kuliko unavyoweza kuyabeba, unakohoa kidogo, naye anasimama. Kifaa cha pili ni leso, kwa kuwa mashahidi wengine hurusha mate, na huwezi kumkwepa mtu unayemsemea. Kifaa cha tatu ni viatu vyepesi. Tulisimama kutwa, na hakimu alipoahirisha kesi ili akale, sisi tulibaki pale tukigombana na karani kuhusu maneno tuliyosema asubuhi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini ugumu wake haukuwa ule mnaoufikiria. Kesi za mauaji zina maneno machache: kisu, damu, sijui. Kilichotutoa jasho ni maneno madogo. Wanyarwanda wana neno ejo, ambalo laweza kuwa jana na laweza kuwa kesho, na wao wenyewe hawajawahi kupotezana kwa sababu ya neno hilo. Mwenzangu mmoja, mwenye haraka, alipokea malalamiko ya mzee wa Nakivale, yale makazi ya wakimbizi kando ya ziwa, aliyeibiwa ndama ejo, akayatafsiri kwamba ndama ataibiwa kesho. Hakimu alimjibu mzee kwa upole kwamba mahakama haina uwezo juu ya wizi ambao bado. Mzee akauliza, basi ndama yuko wapi sasa hivi. Walibishana hivyo mpaka chakula cha mchana.

Baada ya mkasa huo ndipo Mzee Erisa aliponipa kanuni ambayo ningetaka muishike kuliko zote. Alisema nitazame uso wa shahidi kabla ya kuyaamini masikio yangu. Ukimwona mtu anakiri jambo baya huku anatabasamu, ama hana akili timamu, ama wewe umemsikia vibaya. Anza kujikagua wewe, kwa sababu wewe ndiye uliye karibu.

Sasa nije kwenye fisi.

Miaka ile Nakivale walikaa zaidi Wanyarwanda na ng'ombe wao. Wazaire walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa Mama Feza, mjane wa makamo kutoka milima ya Kivu, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kilichosikika kabla hajafika. Alinunua kambale ziwani, akawabanika kwa moshi, akapanda lori la mizigo na kuja kuwauza Mbarara. Watoto wake walikula, walivaa na kusoma kwa kambale hao. Ili atoke Nakivale alihitaji kibali, na kibali kilikuwa na sharti ambalo kila mtu alilijua: mkimbizi asilete ugomvi mjini. Akiuleta, kibali hakifanywi upya, na samaki wake atabaki akiwauzia samaki wenzao ziwani.

Mjini kwenyewe hakuwa na meza sokoni. Alitandika gunia popote, askari wa mji wakamfukuza, akalikunja na kulitandika mbele kidogo. Siku ya mkasa, Ijumaa, gunia lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na bucha ya Hajji Twaha. Huyu Hajji alikuwa mtu mnene, mcha Mungu, mwenye kanzu nyeupe. Aliamini kwamba damu haimrukii mtu mwenye nia njema, na kanzu yake ilimpinga kila siku.

Wiki hizo fisi walikuwa wamesumbua huko Nakivale. Walishambulia ndama, na wenye ng'ombe waliokuja mjini walileta habari hizo pamoja na maziwa. Waislamu wa Nyamityobora walizisikia kwa namna yao. Ng'ombe aliyeuawa na fisi ni kibudu, hakuchinjwa, na kibudu ni haramu. Watu wakaanza kuitazama nyama kwa jicho la pili kabla ya kuinunua.

Ijumaa hiyo akaja Mama Opio, mke wa koplo mmoja wa kambi ya jeshi. Hakuwa Mwislamu, lakini hakutaka kula mabaki ya mnyama. Alisimama mbele ya bucha, akaona Hajji ana wateja, akavuka barabara kumuuliza muuza samaki. Alimuuliza kwa Kiswahili cha jeshi nyama ya Hajji siku hiyo inatoka wapi. Mama Feza akamjibu kwa ukunjufu, "Usiogope, mama. Ile iko nyama ya fasi."

Mama Opio alikuwa amewahi kuwasikia Wazaire. Alijua kwamba mtu kwao ni mutu, watu ni batu, kila neno wanalivisha nguo nyingine. Kwa hiyo fasi hakuhitaji kuelezwa. Alimshukuru Mama Feza kwa ukweli wake, akarudi kambini na kikapu kitupu.

Kufikia swala ya alasiri mtaa mzima ulijua kwamba Hajji Twaha anauza nyama ya fisi. Ndipo ugomvi ulipozaliwa, kwa sababu maneno hayo yana maana mbili na kila moja ilipata wafuasi. Upande mmoja ulisema Hajji ananunua ng'ombe waliouawa na fisi, yaani nyama ambayo fisi ameiacha. Upande wa pili ulisema hapana, Hajji anamchinja fisi mwenyewe. Pande hizo zilibishana vikali msikitini, sokoni na kwa kinyozi, na kwa jambo moja tu zilikubaliana, kwamba zisinunue.

Hajji alijitetea. Alikitundika kichwa cha ng'ombe mlangoni, na pembe zake, ili kila apitaye aone. Watoto wa shule wakabadilisha njia. Wapo waliosema kwamba mtu asiye na lake hatundiki kichwa. Mwishowe akaamua kulifuata neno lilikotoka, mlango kwa mlango, kutoka kwa kinyozi hadi kwa muuza mkaa, hadi kambini kwa Mama Opio, na kutoka hapo akavuka barabara yake mwenyewe. Alimuuliza Mama Feza kama ni yeye aliyesema. Mama Feza alidhani amekuja kushukuru. Akasema ndiyo, ni yeye, na akampa kambale mkubwa wa kula na watoto. Hajji alimchukua kambale, na kesi akaileta kwetu vilevile.

Alidai amevunjiwa jina. Mlalamikiwa ni mkimbizi, kwa hiyo akaja pia afisa kutoka Nakivale, mtu mpole mwenye mkoba, akakaa nyuma. Alituambia hana ubaya na Mama Feza, ila akipatikana na hatia yeye hataweza kutia sahihi upya kwenye kibali. Mama Feza aliambiwa hayo. Alikuja na gauni lake la kanisani na wala hakutetemeka, na mimi niliona hajaelewa kabisa ameitiwa nini.

Hakimu wetu wakati ule alikuwa mtu wa mashariki ya nchi aliyewahi kusoma Dar es Salaam. Mahakamani alisema Kiingereza kama sheria ilivyotaka, lakini alikuwa na maradhi ya maneno. Kesi ya kuku ingemaliza siku nzima ikiwa ndani yake kuna neno zuri. Alipoona mashitaka, alisugua mikono.

Mama Opio alitangulia kizimbani. Alisema, "Mimi nauliza yeye, nyama natoka wapi. Yeye najibu, ya fisi. Mimi si mtu ya kuongeza." Ilikuwa zamu yangu. Nikafungua kinywa na hapo hapo nikakwama kwenye "ya." Kiswahili hakijali, kinamwacha msikilizaji ajichagulie. Kiingereza cha hakimu kilinitaka niseme moja: ama fisi ndiye aliyeliwa, ama fisi ndiye aliyekula. Nikaeleza tatizo langu. Hakimu alifurahi sana, akamuuliza Mama Opio alimaanisha lipi. Mama Opio akasema yeye hakumaanisha, yeye alisikia. Hajji akasimama bila kuitwa na kusema kwamba yote mawili ni matusi, na kwamba anadai fidia ya yote mawili.

Basi hakimu akataka ajue neno lenyewe ni la nani na lina uzito gani, kwa kuwa tusi hupimwa kwa masikio ya waliolisikia. Alianza kuuliza chumba kizima. Wanyankore wakasema ni empisi na maana yake ni mlafi. Muganda mmoja, dereva wa lori, akasema kwao pia ni empisi, na kwamba halifai kuchanganywa na empisa, ambayo ni adabu, maana ndicho kitu huyo mnyama asicho nacho. Mzee wa Kinyarwanda akasema ni impyisi, na kwamba katika hadithi zao ni mjinga anayedanganywa na sungura kila siku na hajifunzi. Hajji alikuwa akinitazama nimtafsirie, na kila nilipotafsiri aliongezewa tusi jipya. Aliingia mahakamani akiwa muuza haramu. Sasa alikuwa pia mlafi, hana adabu, na mjinga.

Kila mmoja alidai neno ni la kwao na wengine wameliazima. Mzee Erisa, aliyekuwa benchini akingoja zamu yake, aliombwa maoni. Alisema yeye haoni aliyeazima. Ng'oa kile kichwa cha mbele, alisema, ilegeze pe iwe fe, na wote ni neno moja lililozeeka katika vinywa vya watu wengi. Babu zetu walitembea nalo kabla hapajawa na Uganda wala Zaire. Limevuka mipaka yote na halijawahi kuulizwa kibali. Yule afisa wa Nakivale aliinamisha macho kwenye mkoba wake.

Tulipotoka kwa mapumziko ya chai, Koplo Opio, mumewe shahidi, alitueleza barazani kwamba sote tumepotea. Yeye alifundishwa kwamba fisi ni kifupi cha ofisi. Fisi hawindi, alisema, anangoja mwenzake aue, kisha anakuja na tumbo kubwa kula, na akishiba anakaa ndani. Sasa tumwambie hilo si ofisi ni nini. Tulicheka mpaka tukamwaga chai, kisha tukagundua dirisha tulilosimama chini yake ni la ofisi ya hakimu. Tuliporudi ndani hakimu alitutazama mmoja mmoja. Siku hiyo hakupiga ule mwayo wake wa kila siku baada ya chakula.

Mama Feza akaitwa. Akaapishwa. Hakimu akauliza kama ni kweli alisema maneno yale, nami nikamtafsiria. Uso wake ukachanua.

"Ndiyo, bwana juji. Miye nilisema ile iko nyama ya fasi. Na leo naweza sema tena, njo kweli."

Chumba kikaguna. Hajji akampa Mungu shukrani kwa sauti. Karani alikuwa ameshaandika kwamba mlalamikiwa amekiri, na yule afisa alifunga mkoba. Kama ningesema sentensi yangu moja ya Kiingereza wakati ule, kesi ingekuwa imekwisha, na kambale wa Nakivale wangebaki Nakivale. Lakini nilikuwa nikiutazama uso wake, na ulikuwa uso wa mtu anayempa jirani sifa nzuri. Nikainua mkono, nikaomba ruhusa ya kumuuliza shahidi neno kabla ya kulitafsiri. Hakimu akaniruhusu, tena kwa hamu.

Sikujua niulize nini. Nikaanza na nilichojua. Nikamuuliza huyo fasi anakula nini. Mama Feza akasema fasi haikulaka kitu. Nikamuuliza ana miguu mingapi. Alinitazama kwa huruma, akawatazama watu wengine kama anayeuliza nani kamleta kijana huyu. Nikamuuliza anaishi wapi. Akasema fasi haiishi, fasi njo fasi, hata pale niliposimama palikuwa fasi. Nikajikuta natazama chini, na sikuwa peke yangu. Mtu mmoja mstari wa mbele aliinua miguu yake.

Hakimu, kwa kufuata utaratibu, akaniambia nimuulize basi fasi yake yeye iko wapi. Kicheko cha Mama Feza kilikuwa kimekwisha. Alijibu polepole, akimtazama hakimu na si mimi.

"Miye sina fasi, bwana juji. Kwetu nilikuwa na fasi, vita ikaikamata. Nakivale naikalaka fasi ya kuazima. Hapa Mbarara, kila fasi natandika samaki, banasema toka."

Neno lile nilikuwa bado sijalipata, kwa hiyo katika Kiingereza changu nililiacha kama lilivyo. Watu walilijazia wenyewe. Wakasikia kwamba mama huyu alikuwa na fisi kwao, vita vikamkamata, na kwamba Nakivale anakaa juu ya fisi wa kuazima. Chumba kilipasuka kwa kicheko. Koplo Opio alilia machozi. Hata Hajji, aliyekuja kudai jina lake, mabega yalikuwa yakimtikisika.

Hakimu peke yake hakucheka. Kalamu ilikuwa imemtoka mkononi. Alisema neno moja, la Kiswahili, ndani ya mahakama ya Kiingereza, na akalisema kama mtu anayejisemea.

"Nafasi."

Kisha akatueleza. Huko pwani husemwa nafasi. Neno lilipofika Kivu, lile na lilikuwa limedondoka njiani. Fasi ni mahali. Nyama ya fasi ni nyama ya hapa hapa, ya ng'ombe wa hapa, anayejulikana mwenyewe na mchinjaji, haikuletwa kwa lori kutoka kusikojulikana. Mama Opio aliuliza kwa kuwa na wasiwasi, na Mama Feza alimtoa wasiwasi. Alikuwa akimtangazia Hajji biashara, bure, kutoka ng'ambo ya barabara.

Hapo hakimu akanigeukia na kunikumbusha kwamba jibu la mwisho la shahidi halijatafsiriwa kamili. Alitaka lirudiwe, sasa kwa maana yake, ili karani aliandike. Nilikuwa nimesema maneno ya wezi na ya wauaji, na usiku nililala. Lakini kanuni ya Mzee Erisa ni kanuni. Nikasimama mbele ya watu waliokuwa wametoka kucheka, nikasema kwa Kiingereza, mimi mtoto wa Nyamityobora niliyezaliwa mita chache kutoka pale, kwamba sina mahali. Kwamba kwetu nilikuwa na mahali na vita vikapachukua. Kwamba kila mahali ninapotandika samaki wananiambia toka. Niliona uchungu mkubwa na nilimwonea aibu yule mama, kwamba tulimcheka akisema hayo. Leso yangu siku hiyo ilifanya kazi ambayo haikununuliwa.

Kesi ilitupwa. Hakimu alimuuliza Hajji kama ameridhika kwamba hakutukanwa, na Hajji akasema ameridhika, ingawa angependa kujua maneno ya Muganda na ya yule mzee yatafutwa vipi. Aliambiwa hayo hayakuwa mashitaka, yalikuwa elimu. Yule afisa wa Nakivale alifungua tena mkoba wake, akamwonyesha Mama Feza kwa ishara kwamba kibali hakina neno. Mama Opio alitoka mahakamani na kupita njia ile ile aliyopita mwanzo, kwa muuza mkaa, kwa kinyozi na sokoni, akiwaambia watu kwamba ni nafasi, wala si fisi, na kwamba asiyeelewa aende kambini akamuulize yeye. Sijui kama walielewa. Walikuwa wanaogopa kwenda kambini, basi wakanunua nyama.

Ninyi vijana mtaa wenu siku hizi unamwita fisi mwanamume anayewafuatafuata wasichana, na mnaniambia ni neno jipya. Liandikeni. Siku moja mtu atasimama kizimbani kwa ajili ya neno hilo, nanyi mtalitafsiri.

Ijumaa iliyofuata kesi hiyo nilikwenda kwa Hajji kununua nyama ya mama yangu, na ninakiri nilitaka pia kuona. Mama Feza alikuwepo, ng'ambo, na askari wa mji alikuwa ameshamfikia. Alikuwa anakunja gunia, samaki wamelundikwa kwenye beseni, kwa ustadi wa mtu aliyekunja mara nyingi. Hajji aliuweka upanga wa kukatia nyama. Aliingia ndani, akatoka amebeba benchi lake mwenyewe, lile analokalia baada ya swala, akaliweka kivulini barazani kwake, upande wa mlango. Halafu akavuka barabara, akampita askari kama hakumwona, akalichukua beseni la samaki miguuni pa Mama Feza, akarudi nalo na kuliweka mbele ya benchi.

Watu walikuwa wamesimama kutazama. Hajji aliwaangalia wote, akahakikisha wanasikia, kisha akasema, huku ile "a" akiitamkia kinywa wazi kiasi kwamba mimi niliyesimama mbali niliyaona magego:

"Mama Feza, faasi yako."

Mama Feza akavuka barabara na gunia lake kwapani. Akaketi.